Kadi za Wietske

Groningen, Januari, mwaka wa sabini na sita.
Mfereji umeganda. Baiskeli zimelala ukutani.
Ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye harufu ya kahawa iliyoungua,
Wietske Hoekema anaisoma kamusi
kama mtu asomavyo barua ya posa:
neno kwa neno, bila kuruka.

Profesa Terpstra amemwagiza hivi:
toa kila neno linaloweza kumkaa mtu.
Mkaidi. Mnyofu. Mwenye gere.
Mchangamfu. Mzembe. Mwepesi wa kununa.
Kila neno na kadi yake, kila kadi ndani ya kisanduku cha viatu,
visanduku alivyopewa na shemeji yake muuza viatu,
namba thelathini na nane hadi arobaini na tano.
"Mrefu" liache, hilo ni la fundi cherehani.
"Mlevi": hapo walibishana siku nzima
kama ulevi ni tabia au ni Jumamosi.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Sisi tulisema hivyo, tukaridhika.
Hawa wakaleta kitana.
Wakaleta dodoso, kalamu ya risasi, na namba moja hadi tano:
moja, si mimi kabisa; tano, ndiye mimi hasa.
Wakawapa wauguzi, madereva wa malori ya maziwa,
wanafunzi mia tatu waliofuata guldeni saba na nusu,
na mjane mmoja, Bi Aukje,
aliyeizungushia duara namba tatu tangu mwanzo hadi mwisho
kisha akaandika chini:
"Inategemea nani anagonga mlango."

Profesa akacheka, akaiweka pembeni.
Wietske akaiokota, akaitia mkobani.

Usiku mashine ya chuo hutafuna kadi nyingine, zenye matundu,
ikiuliza swali lilelile:
neno gani hutembea na neno gani?
Anayejiita mchangamfu, je, hujiita pia msemaji?
Anayepanga viatu vyake, je, hulipa deni?
Asubuhi karatasi ndefu inatoka imekunjamana
na maneno elfu na mia mbili yamekwenda kukaa mafungu mafungu
kama wageni wa harusi wanaojuana.
Katikati ya safu amesimama Wastani,
mtu ambaye hakuna mama aliyemzaa.

Bado kuna jambo.
Nyani haoni kundule, na dodoso halina kioo,
basi kila mshiriki atafute wa kumpima.
Wietske naye akajaza, kwa kujaribu tu,
akampa dada yake Jildou nakala ya pili
jikoni, kati ya maganda ya viazi.

Mkarimu. Wietske: nne.
Jildou: mbili.
Na pembezoni, kwa herufi za kubanana:
"Hunipa. Kisha hunikumbusha."

Lugha yangu inalo neno lake, masimango,
neno moja lenye meno.
Wietske alipekua kisanduku cha arobaini na mbili,
cha arobaini na tatu. Hakuna.
Akakumbuka koti la kijani.
Akakumbuka nauli ya treni ya Leeuwarden
aliyoitaja Krismasi mbili mfululizo, mbele ya watu.

Kwenye jedwali, tofauti ya mbili ni kitu kidogo,
huyeyuka ndani ya watu mia tatu kama sukari kwenye chai.
Kifuani haikuyeyuka.

Baada ya wiki sita dodoso lilirudi kwa walewale,
maana kipimo kisichokumbuka kauli yake ya jana
ni ramli tu.
Bi Aukje: tatu, tatu, tatu.
Jildou: mbili.
Wietske aliishikilia kalamu juu ya mkarimu
hadi kahawa ikaungua tena.
Nne ilikuwa uongo mdogo. Mbili ilikuwa ya mwingine.
Akazungushia tatu.
Kisha akachukua kadi tupu, akaandika kwa Kifrisia,
lugha ya jikoni kwao, sentensi nzima
kwa kuwa neno hakulipata,
akaisukuma nyuma kabisa ya kisanduku.

Jioni alimpigia Jildou simu.
Waliongea juu ya barafu.
Koti halikutajwa.